Wi-Fi 5 bado inafanya kazi, muuzaji anataka tuhamie Wi-Fi 7: wakati sahihi wa kubadilisha ni upi?

Ukwaju_Net:

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Ofisi ina sakafu mbili na wafanyakazi 120. Kuna akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) 14 za Wi-Fi 5 (2x2, yaani antena mbili za kutuma na mbili za kupokea), saba kila sakafu, chini ya kontrola moja inayozisimamia zote. Kila sakafu ina swichi moja ya PoE+ (inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) ya milango 24, gigabiti 1 kwa kila mlango, bajeti ya umeme wati 370. Swichi hiyo hiyo inalisha pia simu za mezani 10 na kamera 4. Kebo zote za mtandao ni za daraja la Cat5e. Intaneti ni Mbps 500. Sakafu ya chini kuna stoo yenye skana za msimbopau 22 zinazoshika GHz 2.4 pekee, na jengo zima lina printa 9.

Shida: mikutano ya video inakwamakwama kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa sita, lakini ukiangalia matumizi ya intaneti muda huo hayafiki hata nusu. Muuzaji ameleta pendekezo la akses pointi 12 za Wi-Fi 7 badala ya hizi 14, kwa hoja kwamba mpya zina nguvu zaidi hivyo chache zinatosha. Uongozi umelipenda pendekezo.

Je, kubadilisha sasa ni sawa? Wi-Fi 6E (Wi-Fi 6 iliyoongezewa bendi ya GHz 6) ingetosha? Au tusubiri kidogo, maana tayari nasikia watu wanaongelea Wi-Fi 8? Natanguliza shukrani.

---

MasafaMafupi:

Mkuu, kabla ya kununua chochote tafuta kwanza kinachokwamisha mikutano. Mkutano wa video wa kawaida unakula Mbps 2 hadi 4 kwa mtu. Hata watu 40 wakiwa kwenye mikutano kwa wakati mmoja hiyo ni Mbps 160, na intaneti yako ina 500. Laptopu ya 2x2 kwenye Wi-Fi 5 yenye chaneli ya MHz 80 inaunganishwa kwa Mbps 866 kwenye karatasi; kwa kweli ikipata nusu yake ni sawa. Kwa hiyo kasi unayo. Ninachohisi kimekuishia ni muda wa hewani: vifaa vinavyotumia chaneli moja husubiriana zamu, na akses pointi mbili zilizo kwenye chaneli moja zinazosikiana ni kama moja tu.

Ingia kwenye kontrola saa nne na nusu asubuhi, siyo jioni, usome haya:

Upana wa chaneli kwenye GHz 5. Kuna kontrola zinazokuja na MHz 80 kama mpangilio wa kiwandani. Ukiacha chaneli zinazotumiwa pia na rada (DFS), chaneli za MHz 80 zinazobaki ni 2, na kuna nchi ambako inabaki 1. Akses pointi saba kwenye sakafu moja zitagawanaje chaneli mbili? Shusha hadi MHz 40, na kama DFS hairuhusiwi kabisa kwenu shusha hadi 20. Kwa MHz 20 unapata chaneli kati ya 19 na 25 ukihesabu na za rada, kutegemea kanuni za nchi. Faida nyingine ambayo watu huisahau: kila ukipunguza upana kwa nusu, kelele inashuka dB 3. Kutoka 80 hadi 20 umepata dB 6 bure.

Matumizi ya chaneli. Yakipita asilimia 50 saa za kazi, video inaanza kusumbua hata kama mawimbi yamejaa.

Pakiti zinazorudiwa. Chini ya asilimia 10 usihangaike. Ikipita 20 kuna mwingiliano, au vifaa viko mbali sana.

Nguvu ya kutuma. Ikiwa akses pointi zote zinapiga kwa nguvu ya juu kabisa, laptopu inaisikia akses pointi ya mbali na kuing'ang'ania, ilhali simu haina nguvu ya kujibu kwa umbali huo. Anza na dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 12 hadi 15 kwenye GHz 5 na chini zaidi kwenye GHz 2.4, kisha hakikisha kila dawati linapata angalau dBm -67 kutoka akses pointi moja.

Na hesabu SSID (majina ya mtandao wa Wi-Fi) mlizonazo. Ofisi nyingi zina moja ya wageni, moja ya wakurugenzi, moja ya printa, moja "ya majaribio" ambayo hakuna anayejua nani anaitumia.

Leta majibu hapa ndipo tuongee habari ya kubadilisha.

---

KeboKwanza:

Naunga mkono hapo juu. Mimi niongelee umeme, kwa sababu ndiko bajeti nyingi za Wi-Fi 7 zinakovunjika.

PoE ya kwanza (802.3af) inatoa wati 15.4 kwenye mlango wa swichi. PoE+ (802.3at) inatoa 30, na kifaa kinapokea 25.5 baada ya upotevu kwenye kebo. 802.3bt inatoa 60 au 90. Akses pointi ndogo za Wi-Fi 7, zile za 2x2 kwenye kila bendi, kwa kawaida zinatosheka na PoE+. Kubwa za 4x4 zenye redio tatu zinataka bt. Ukiichomeka kubwa kwenye PoE+ haizimiki. Inawaka vizuri kabisa, taa ya kijani, kisha kimyakimya inapunguza antena kutoka 4x4 hadi 2x2, au inazima redio moja, au inashusha mlango wake wa kebo. Utakuwa umelipia kifaa kizima ukatumia nusu, na hakuna atakayekwambia mpaka ufungue ukurasa wa hali ya umeme.

Hesabu ya swichi yako kwa kila sakafu. Swichi nyingi hutenga umeme kwa daraja la kifaa, siyo kwa kinachotumika kweli. Akses pointi 7 × 30 = 210. Simu za mezani 10 za daraja la 2 × 7 = 70. Kamera 4 za daraja la 3 × 15.4 = 61.6. Jumla 341.6 kati ya 370. Inaingia, lakini zinabaki wati 28 tu. Ukitaka kuongeza akses pointi ya nane, mlango utakataa kuwasha. Na swichi hiyo haina bt kabisa, kwa hiyo modeli za 4x4 maana yake ni swichi mpya.

Kebo: Cat5e isikutishe. Gigabiti 2.5 inapita kwenye Cat5e hadi mita 100 (kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016). Angalizo ni pale kebo nyingi zimefungwa pamoja kwa kukazwa kwa umbali mrefu: zinaingiliana, na mlango unarudi gigabiti 1. Legeza vifungo, badilisha vichwa vilivyominywa vibaya, pima tena.

Ila jiulize kama gigabiti 2.5 unaihitaji. Intaneti yako ni Mbps 500. Kama faili zenu ziko kwenye wingu, akses pointi haitawahi kujaza gigabiti 1. Kama mna seva ya ndani ya faili kubwa, video au michoro, hapo ni hadithi nyingine.

---

Ukwaju_Net:

Nashukuru sana wakuu. Nimesoma kontrola leo saa nne na nusu:

GHz 5 ni MHz 80 kila mahali, DFS imezimwa. Nguvu ni "juu" kwa zote. SSID ni 7. Matumizi ya chaneli asilimia 71 sakafu ya juu, 64 ya chini. Pakiti zinazorudiwa asilimia 23.

Vifaa vilivyounganishwa: Wi-Fi 4 asilimia 14 (skana, printa na vingine), Wi-Fi 5 asilimia 41, Wi-Fi 6 asilimia 34, na vyenye GHz 6 (6E au 7) asilimia 11. Tovuti ya mtengenezaji inasema masasisho ya usalama ya modeli hii yataisha baada ya miezi 16.

---

MasafaMafupi:

Basi ugonjwa umeonekana. SSID 7 peke yake ni mzigo mkubwa. Kila SSID inatangaza jina lake takriban mara 10 kwa sekunde, na tangazo hutumwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Kwenye GHz 5 kwa Mbps 6, tangazo la baiti 350 linachukua nusu milisekunde na ushei ukijumlisha muda wa kusubiri zamu. Mara 7, ndani ya kila milisekunde 102.4, ni karibu asilimia 4 ya muda wa hewani kwa akses pointi moja. Kwako nne zinasikiana kwenye chaneli moja, hivyo asilimia 15 imeliwa kabla mtu hajatuma hata barua pepe. Kwenye GHz 2.4 ni balaa zaidi: kwa Mbps 1, akses pointi moja yenye SSID 7 inakula karibu asilimia 20.

Fanya hivi wiki hii, bila kununua kitu. SSID zibaki 3: wafanyakazi, wageni, na vifaa vya zamani. Idara zitenganishwe kwa VLAN (mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya mtandao mmoja) kupitia RADIUS (seva ya kuthibitisha watumiaji), siyo kwa majina ya mtandao. GHz 5 iwe MHz 40 na DFS iwashwe. Kama uko karibu na uwanja wa ndege au rada ya hali ya hewa utaona chaneli zinarukaruka kwenye kumbukumbu za kontrola, hapo ziondoe hizo tu. Kasi ya chini kabisa iwe Mbps 12 kwenye GHz 5. Kwenye GHz 2.4 zima kasi za Mbps 1, 2 na 5.5, lakini jaribu skana mbili kwanza, kwani baadhi hukataa kujiunga zikikosa kasi hizo. Zima redio ya GHz 2.4 kwenye karibu nusu ya akses pointi za sakafu ya juu, kwa sababu chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Badili kitu kimoja kwa siku, siyo vyote usiku mmoja. Vinginevyo kikiharibika hutajua ni kipi.

---

Nanga7:

Mimi natofautiana kidogo na mwelekeo wa uzi huu. Mipangilio ni sawa, afanye, lakini miezi 16 ya masasisho ya usalama iliyobaki ndiyo tarehe yenyewe ya mradi. Akses pointi isiyopata masasisho ni mlango wa mtandao usiofungika. Rudisha nyuma kalenda: idhini ya fedha, upimaji, majaribio, uagizaji, ufungaji. Ukianza kupanga ikiwa imebaki miezi miwili utachukua chochote kilichopo sokoni.

Kuhusu namba ya kununua. Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa 2019, 6E mwaka 2021, Wi-Fi 7 Januari 2024. Akses pointi ya ofisi inakaa miaka mitano hadi saba. Kwa mtu anayenunua leo sioni sababu ya kuchukua Wi-Fi 6 mpya isipokuwa tofauti ya gharama ni kubwa mno au GHz 6 haijaruhusiwa mahali alipo. Hilo la pili ndilo la kuangaliwa kwanza. Marekani ilifungua MHz 1200 mwaka 2020, Ulaya ikafungua MHz 480 za chini mwaka 2021. Nchi nyingine zimefuata mojawapo, nyingine bado. Soma kanuni za mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, siyo kijitabu cha muuzaji.

Kwenye MHz 480 unapata chaneli 6 za MHz 80 zisizoingiliana, au 3 za 160, au 1 tu ya 320. Kwa hiyo MHz 320 inayopigiwa debe kwenye Wi-Fi 7 haina kazi ofisini. Hata kwenye MHz 1200 ziko 3. Panga MHz 80 kwenye GHz 6 na usonge mbele. Vivyo hivyo 4096-QAM (njia ya kubana data nyingi zaidi kwenye wimbi): inaongeza asilimia 20 ya kasi, lakini tu ukiwa umekaa karibu kabisa na akses pointi. Na MLO, ile ya kutumia bendi mbili pamoja, kwenye simu na laptopu nyingi kiuhalisia ni kubadili haraka kati ya bendi kuliko kujumlisha kasi. Ni nzuri kwa kupunguza ucheleweshaji. Usiinunue kwa ajili ya namba za kasi.

Halafu soma karatasi ya modeli. Kuna akses pointi zinazouzwa kama Wi-Fi 7 zenye bendi mbili tu, 2.4 na 5, bila GHz 6. Kama huna GHz 6, sehemu kubwa ya nafuu uliyoifuata haipo.

Kuhusu 12 badala ya 14: kataa. GHz 6 inapotea zaidi hewani na kwenye kuta kuliko GHz 5, na nguvu ya ndani ya jengo imewekewa kikomo na kanuni. Akses pointi mpya haina uwezo wa kupuuza ukuta. Idadi itoke kwenye upimaji wa jengo kwa GHz 6, huenda ikawa 14, huenda 16. Ikifika 16, rudi kwenye hesabu ya KeboKwanza: swichi zako hazitoshi.

Wi-Fi 8 (802.11bn) inatarajiwa kukamilika 2028, na lengo lake ni uthabiti zaidi kuliko kasi. Kwa vifaa vitakavyokosa masasisho kabla ya hapo, kuisubiri hakuna maana.

---

NywilaNdefu:

Naongeza upande wa usalama, maana ndiko skana zitakapokwama.

GHz 6 hairuhusu WPA2 (kiwango cha zamani cha usalama wa Wi-Fi), wala ile hali ya mchanganyiko ya WPA2 na WPA3 (kiwango kipya). Ni WPA3 pekee, pamoja na ulinzi wa fremu za usimamizi kwa lazima. Mtandao wa wageni usio na nenosiri lazima utumie OWE (usimbaji fiche usiohitaji nenosiri). Ukichukua SSID yako ya zamani ya WPA2 ukaiwasha kwenye GHz 6, kontrola ama itakataa, ama itaibadilisha yote kuwa WPA3 na skana 22 zitadondoka mara moja.

Kwa hiyo: SSID ya wafanyakazi iwe WPA3 Enterprise kwenye GHz 5 na 6. SSID ya vifaa vya zamani ibaki WPA2 kwenye GHz 2.4, na 5 kwa printa zinazoiweza, ndani ya VLAN inayofika kwenye seva ya stoo na printa tu. Zima Wi-Fi 6 na 7 kwenye SSID hiyo kama kontrola inaruhusu. Kuna kadi za zamani ambazo zikiona tangazo la kizazi kipya hazilitambui, SSID haionekani kabisa kwenye orodha. Kwenye laptopu, draiva mpya huwa inatibu; kwenye skana mara nyingi hakuna draiva mpya.

Upande wa Windows, GHz 6 inataka Windows 11, na Wi-Fi 7 inataka toleo la 24H2 au jipya zaidi. Laptopu iliyobaki Windows 10 yenye kadi nzuri ya 6E itaendelea kukaa GHz 5. Kwa hiyo ile asilimia 11 ihakiki tena: kadi kuwa na uwezo ni jambo moja, mfumo kuutumia ni jingine.

---

Ukwaju_Net:

Swali la nyongeza: asilimia 11 ni ndogo. Kuna kiwango fulani cha vifaa ambacho kikifika ndipo inalipa kubadilisha?

---

Nanga7:

Kwa maoni yangu, vifaa vyenye GHz 6 vikifika robo ya vinavyofanya mikutano ya video, wanaobaki GHz 5 nao wanahisi nafuu, kwa sababu hao wengine wamehamia barabara nyingine. Angalia mzunguko wa laptopu. Kama kampuni inabadilisha theluthi kila mwaka na mpya zote zina 6E au 7, mwaka mmoja unakuvusha robo. Na agizo la kwanza liwe hilo: kuanzia leo hakuna laptopu inayonunuliwa bila GHz 6. Kuweka akses pointi mpya juu ya laptopu za zamani ndiyo njia ghali ya kupata matokeo yale yale.

Skana ni mjadala tofauti. Hizo hazihitaji kasi, zinahitaji kuhama kutoka akses pointi moja hadi nyingine bila kukatika. Usizihesabu kwenye asilimia.

---

KeboKwanza:

Mkifika kwenye majaribio, msitawanye akses pointi mpya katikati ya za zamani. Chukueni eneo moja lililoungana, tuseme vyumba vya mikutano na madawati yanayovizunguka, akses pointi 3 au 4, zote mpya. Mkichanganya moja mpya moja ya zamani, laptopu inayotembea itakuwa inaingia na kutoka GHz 6 kila hatua, na kama usalama haufanani pande zote itathibitishwa upya kila mara, simu inakatika.

Wiki mbili zinatosha kupima: matumizi ya chaneli saa nne asubuhi, pakiti zinazorudiwa, simu ya sauti huku mtu anatembea kutoka chumba hadi chumba, kila modeli ya printa, na angalau skana mbili zikifanya kazi halisi ya stoo. Pima pia umeme halisi kwa kila mlango wa swichi mchana, siyo usiku ambapo redio zimelala.

Muuzaji aandike kwenye mkataba mambo manne: tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama ya modeli hiyo, kiasi cha umeme inachohitaji ili redio zote ziwake bila kupunguzwa, kama itaendelea kurusha mawimbi leseni ya kontrola ikiisha, na ripoti ya upimaji wa GHz 6 yenye ramani ya kila sakafu. Kuhusu leseni uliza kwa maneno hayo hayo. Kuna mifumo ambayo leseni ikiisha unakosa tu ukurasa wa usimamizi, na kuna ambayo akses pointi zinaacha kuhudumia wateja.

---

Ukwaju_Net:

Nimeelewa. SSID zimeshushwa hadi 3 leo, kesho ni MHz 40. Pendekezo la 12 nimelirudisha nikiomba ripoti ya upimaji. Kuhusu DFS, nikiiwasha akses pointi ikabadili chaneli mchana, watumiaji watakatika kwa muda gani?

---

MasafaMafupi:

Ikisikia rada inalazimika kuihama chaneli hiyo papo hapo. Ikihamia chaneli isiyo ya rada, kifaa kinachoelewa tangazo la kuhama kinafuata ndani ya sekunde moja au mbili, video inaganda kidogo tu. Ikihamia chaneli nyingine ya rada lazima kwanza isikilize sekunde 60 bila kutuma, na Ulaya kwa chaneli za rada za hali ya hewa (120 hadi 128) ni dakika 10. Kwa hiyo ondoa 120 hadi 128 kwenye orodha kabisa, na kontrola yako kama ina sehemu ya kuchagua chaneli ya kukimbilia, weka 36 au 149 ile iliyo huru zaidi sakafu hiyo.